Tupeane uzoefu: Kambi ya pwani inayompokea mbwa, yenye msitu na bahari

Mkaa Ilazo
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Leo pale Ihumwa limenipita gari lililofungwa hema juu, na mbwa mwekundu ametoa kichwa dirishani, nikakumbuka kwamba familia yangu nimeshaiahidi safari ya pwani mwezi wa saba na mbwa wetu hatabaki nyumbani. Tunataka mahali penye msitu wa kutembea asubuhi na bahari ya kuoga jioni. Sihitaji orodha ya hoteli. Aliyewahi kulala kwenye hema na mbwa wake aeleze lililomkuta, nani alimpokea na nani alimgeuza getini.

Fundi wa Kizota
Mimi sikugeuzwa, nilifanyiwa jambo baya zaidi. Nilipiga simu kwenye kambi moja ya mwambao nikaambiwa kwamba mbwa anaruhusiwa. Tulipofika, baada ya safari nzima ya Morogoro, Chalinze na Msata, nikaelezwa kwamba anaruhusiwa kulala kwenye tundu la waya karibu na jenereta, kwa mlinzi. Usiku kucha jenereta likanguruma, mbwa akabweka, nami nikakaa nje naye huku nikiwa nimelipia hema. Kwa hiyo usiulize kama mbwa anaruhusiwa. Uliza atalala wapi, atatembea wapi, na kama wenyeji wa kambi wana mbwa wao wanaozurura, kwa sababu hao ndio watakaompokea mbwa wako kabla ya meneja.

Mama Nzuguni
Ni kweli kabisa, hasa hilo la mbwa wa wenyeji.

Mpanda Baiskeli wa Chamwino
Anayetaka msitu na bahari kwa pamoja atavutwa na Saadani, kwa kuwa hapo wanyamapori hufika hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Aliondoe wazo hilo mapema, maana Saadani ni hifadhi ya taifa na hifadhi za taifa haziruhusu mtu kuingia na mbwa, hata akiwa amelala chini ya kiti. Kwa mwenye mbwa zinabaki pande mbili. Kusini kuna Bagamoyo, yenye mikoko na magofu ya Kaole, ambako unakunja kulia ukifika Msata. Kaskazini kuna Pangani na Ushongo, ambako unanyoosha hadi Segera na Muheza kisha unashuka baharini. Mimi nasema Pangani, kwa sababu Bagamoyo siku za mwisho wa wiki hujaa watu wa Dar es Salaam na muziki wao.

Mama Nzuguni
Nami nasema Bagamoyo. Mbwa wa Dodoma aliyezoea vumbi na joto kavu asiongezewe mwendo wa Segera na Muheza kwa sababu tu wewe huupendi muziki.

Mwalimu Mstaafu, Area C
Nilipoona neno Pangani mwili umenisisimka, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kirefu. Tulikuwa kwenye kambi ndogo kusini ya mji, mbele yetu mivinje na minazi, nyuma yetu kichaka kinene chenye tumbili. Kuhusu mbwa kambi ilikuwa na kanuni moja tu, kwamba usiku afungwe. Mlinzi mwenyewe alituonyesha mvinje wa kumfungia, ulio mbele kabisa upande wa bahari, ili asiwasumbue wageni wengine. Mbwa wetu ni jike kubwa ambalo wajukuu walilipa jina la Sungura, na tulimfunga kwa mnyororo wa chuma wenye kikulabu. Mbalamwezi ilikuwa imejaa. Tulipolala saa nne ya usiku bahari ilikuwa imekupwa mbali sana, hata mjukuu mmoja akauliza ni nani aliyeyachukua maji.

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia Sungura analia. Hakuwa akibweka, alikuwa akilia kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipomulika tochi sikuuona mchanga. Maji yalikuwa yameupita mti ule, mawimbi yanamvunjikia kifuani, naye amesimama kwa miguu ya nyuma huku ya mbele ameiegemeza shinani, mnyororo umezunguka mti na kumbana. Niliingia, maji yakanifika kiunoni kila wimbi lilipokuja, nikakishika kikulabu kikakataa kufunguka kwa sababu kilikuwa kimejaa mchanga. Mlinzi alikuja mbio na panga, akaupiga mnyororo cheche zikaruka, mnyororo ukabaki vilevile. Kila mtu alikuwa akipiga kelele, na kila wimbi lilimfunika Sungura kichwa kisha likamwachia. Mke wangu, ambaye hajui kuogelea na aliyekuwa amesimama pale maji yanapoishia, ndiye aliyetuambia kwamba chuma hakikatwi lakini kola ni ya ngozi. Akanirushia kisu cha jikoni. Nilikata kola nikiwa nimefumba macho kwa chumvi, nikiomba nisiikate shingo, na Sungura alipojiona huru hakutazama nyuma, alipita katikati ya mahema akapotelea kichakani.

Tulimtafuta hadi mchana. Aliletwa na kijana wa wavuvi aliyemkuta amelala chini ya ngalawa, akakataa fedha, akaomba ile kola iliyokatika ili aitengenezee kamba ya tochi yake.

Mama Nzuguni
Mwalimu, pole sana. Nimesoma nikiwa nimeshika kifua. Sungura yu hai?

Mwalimu Mstaafu, Area C
Yupo, amezeeka, na mvua ikinyesha haingii uani.

Fundi wa Kizota
Kwa heshima zote, Mwalimu, mti ungekuwa mahali ambapo maji ya chumvi hufika ungekuwa umekufa zamani. Nadhani usiku huongeza urefu wa maji.

Mzigua wa Makulu
Fundi, mimi nimezaliwa Pangani, Dodoma nimeletwa na kazi ya serikali. Mwezi ukiandama na mwezi ukijaa, na siku moja au mbili zinazofuata, ndiyo bamvua, na kwetu maji ya bamvua hukamilika kujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, jioni na tena alfajiri, na hukupwa karibu na saa nne au tano. Tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo hupita mita 3. Ndiyo maana mgeni hulala akiona uwanja wa mpira, akaamka akiona bahari. Mivinje mingi ya mwambao ule imeachwa mizizi nje kwa mmomonyoko, imesimama mahali ambapo zamani palikuwa nchi kavu. Mwalimu hajaongeza hata kidole.

Kijana wa UDOM
Tatizo halikuwa bamvua, tatizo lilikuwa mnyororo. Kumfunga mbwa usiku kucha kwa chuma ni ukatili, na kambi yenye kanuni hiyo haistahili kuitwa rafiki wa mbwa.

Mzigua wa Makulu
Afunguliwe ili afanye nini, mwanangu? Kisiwa cha Maziwe hufunikwa na maji yakijaa, kwa hiyo mayai ya kasa yanayotagwa kule huhamishiwa ufukwe wa Ushongo na kufukiwa upya. Mbwa mmoja mwenye pua nzuri anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa usiku mmoja. Tena vijiji vyetu ni vya Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi, yakimgusa mtu anayekwenda kusali inambidi ajitoharishe kwanza. Wenyeji hawamchukii mbwa, wanachotaka ni awe mkononi mwa mwenyewe.

Kijana wa UDOM
Ufukwe ni wa umma, mzee wangu.

Mzigua wa Makulu
Ni wa umma, na sisi ndio umma wenyewe.

Mhehe wa Kikuyu
Mnagombana bure. Mleteni kwangu nimtunze hadi mrudi, ingawa watani zangu Wagogo watawaambia kwamba hamtamkuta.

Dada wa Mifugo
Tukiwa tunacheka, naomba niongeze jambo la kitaalamu. Misitu ya upande wa Wami na Saadani ina mbung'o, na mbwa hupata ugonjwa wao vibaya sana. Mbwa wa jirani yangu alirudi kutoka huko akiwa mchangamfu, na baada ya muda akapata homa, akakonda, macho yakaota utando wa buluu. Ukiona dalili hiyo, mwambie daktari wa mifugo mlikopita ili apime damu. Mkiwa njiani mnapita Morogoro, ambako SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ina hospitali ya wanyama ya kufundishia. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kama ni ya kwanza, apewe angalau mwezi mmoja kabla ya safari, na cheti kiwe garini.

Fundi wa Kizota
Na maji? Wa kwangu alikunywa ya bahari kama aliyealikwa, nami nilijua kisima chetu cha chumvi kimeshamzoesha.

Dada wa Mifugo
Kisima hakizoeshi mtu wala mbwa. Lita moja ya bahari ina chumvi karibu gramu 35. Akinywa kidogo huhara, akinywa sana hutapika, huyumba na anaweza kufa. Mpe maji ya kunywa yasiyo na chumvi kabla hajaingia na kila anapotoka. Pia akikuta samaki aitwaye bunju amekufa mchangani, mnyang'anye haraka, kwa sababu sumu yake haina dawa.

Mama Nzuguni
Mimi wa kwangu humpa dafu.

Mkaa Ilazo
Nawashukuru nyote. Nimeamua Pangani, hema upande wa bara, na kamba ya katani badala ya mnyororo. Mzee Mzigua, nichague siku zipi?

Mzigua wa Makulu
Subiri mwezi ufike nusu. Maji huwa mafu, hayaendi mbali wala hayaji karibu.

Kijana wa UDOM
Kamba ya katani ataitafuna.