Kura ya muswada wa wapangaji ni Alhamisi na mbunge wetu hajibu, naombeni ushauri

Mpangaji Mkimya: Wakuu habari zenu. Mimi ni katibu wa umoja wa wapangaji. Muswada umeshasomwa mara ya pili, kura ya mwisho Alhamisi, na bado kuna kile kifungu kinachomruhusu mwenye nyumba kukutoa kwa notisi ya siku saba. Siku saba utahama vipi na watoto wanasoma? Nimemwandikia mbunge, kimya, nikipiga simu inaita tu. Nifanyeje watu wengi wamfikie kabla ya Alhamisi? Usingizi sipati.

Baba Mwenye Nyumba: Kodi mnalipa kwa wakati lakini? Kuna mpangaji alinikalia bure miezi kibao halafu akaondoka usiku na balbu zote, hadi ya chooni. Hicho kifungu kimechelewa.

Mama Nuru: Hujaulizwa habari za balbu zako. Katibu, taja namba ya kifungu, sema wewe ni mpiga kura wa jimbo lake, halafu muulize swali moja tu, utapiga ndiyo au hapana? Malalamiko ya kurasa tatu hakuna anayeyasoma. Piga na simu ya ofisini uongee na msaidizi wake. Hao watu wengi wameshaandika?

Mpangaji Mkimya: Tuko mia na kitu. Barua zao zipo tayari.

Mama Nuru: Zipo tayari kivipi? Wameandika wenyewe?

Mpangaji Mkimya: Haya niseme. Barua nimeandika mimi, moja, nabadilisha jina tu, majina na namba za simu nimetoa kwenye daftari la mahudhurio. Wengine sijawaambia. Lakini mkutanoni wote walinyoosha mkono kukipinga, sasa ubaya uko wapi? Nusu nimeshachapa na muda wa kugonga mlango kwa mlango haupo.

Wakili wa Kibarazani: Ubaya upo mkubwa. Marekani 2017 tume yao ya mawasiliano ilipokea maoni zaidi ya milioni 22 kuhusu kanuni za intaneti, ripoti ya mwanasheria mkuu wa New York ya 2021 ikakuta karibu milioni 18 ni feki, mamilioni yakiwa na majina ya watu wasiojua lolote. Msaidizi akimpigia mtu wako mmoja akajibiwa "barua gani?", hata zile za kweli zinaenda kapuni.

Mja wa Mola: Kumsemea mtu asichokutuma ni uongo hata kama nia ni njema. Na waliofariki umewatoa kwenye hilo daftari?

Kijiko: Hii chai wakuu. Katibu wa watu mia hana hata grupu la WhatsApp? Na namba ya kifungu mbona haitaji?

Sauti ya Juu: Nami nimeshtuka. Kuna jamaa alitutoa machozi hapa na uzi wa kiwanja, kumbe anatunga.

Mpangaji Mkimya: Kifungu cha 14. Grupu lipo, mwenye nyumba wetu naye yumo, ndo maana sikuandika kule. Nitungie chai ili iweje, nahamishwa mimi! Haya, zile situmi, kila mtu atume kwa simu yake. Ila wazee wasiojua kuandika je?

Mama Nuru: Waandikie, wasomee, wakikubali waweke dole gumba wenyewe. Kesho asubuhi anza na hao.

Baba Mwenye Nyumba: Mbunge wenu ana msaidizi, namba yake mnayo? Na mimi nataka kumpigia.