Mwalimu Sobukwe: kwanini makaburu walimuogopa mpaka wakamtungia sheria ya peke yake?

Ticha_Buhongwa

Wakuu habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha nne kwenye sekondari moja huku Buhongwa, Mwanza. Juzi tumefika mada ya ukombozi wa Afrika Kusini, Mandela wanamjua wote, ukitaja mwingine darasa kimya. Nikaandika ubaoni ROBERT SOBUKWE, nikawaambia huyu alikuwa mwalimu kama mimi, alifundisha historia, Kiingereza na jiografia mji unaitwa Standerton, baadae akaenda chuo kikuu cha Witwatersrand pale Johannesburg akawa anafundisha Kizulu, mwisho akaacha yote akaongoza PAC, yaani chama cha ukombozi cha Pan Africanist Congress. Kuna binti anakaa nyuma kabisa, haongeagi, akanyoosha mkono. Akasema ticha, mtu ana kazi chuo kikuu, ana mke na watoto wanne, aliacha kwanini?

Nikamjibu ubaguzi, vipande (vile vitambulisho Mwafrika alilazimishwa kutembea navyo), nk, ila nilimuona usoni hajaridhika na mimi mwenyewe sikuridhika, maana ubaguzi ulikuwepo kwa kila mtu na wengi waliendelea na kazi zao. Anachotaka kujua ni mtu anafikaje pale.

Halafu kuna hili jingine. Alifungwa miaka 3 mwaka 1960. Mwaka 1963 siku zinakaribia kuisha bunge la makaburu likapitisha kifungu cha kumshikilia mtu hata akimaliza kifungo chake, kikawa kinahuishwa kila mwaka mpaka 1969, na hakijawahi kutumika kwa mtu mwingine yeyote, yeye tu. Kwanini yeye? Wenye kujua naomba mshushe, Jumatano nina vipindi viwili mfululizo na lile darasa.

Msomaji_Kirumba

Ticha swali la huyo binti ni zuri sana, mwambie Sobukwe hakuamka siku moja akaacha kazi. Amezaliwa Desemba 1924 Graaff-Reinet, baba kibarua wa manispaa, mama anafanya kazi za ndani, hela hakuna ila vitabu vilikuwa vinaletwa nyumbani. Akasoma Healdtown shule ya wamisionari, akaenda chuo cha Fort Hare, na hapo ndo moto ulipowakia. Mwaka 1949 akiwa rais wa wanafunzi alitoa hotuba ya kuwaaga wanaomaliza, akawaambia elimu kwao maana yake ni kuitumikia Afrika. Umri miaka 24 tu. Na mke wake Veronica alikuwa nesi mwanafunzi aliyekuwa kwenye mgomo wa manesi hospitali ya jirani na chuo, wanafunzi wa Fort Hare wakaenda kuwaunga mkono, ndo wakajuana hapo. Kwahiyo hata huyo mama alijua anaolewa na mtu wa namna gani, sio kwamba alishtukizwa.

Halafu angalia kazi yenyewe ya ualimu ilikuwa inaelekea wapi. 1953 wanapitisha Sheria ya Elimu ya Kibantu, shule za wamisionari zinawekwa chini ya serikali, na Verwoerd, waziri wa mambo ya Waafrika, anasema wazi kabisa kwamba Mwafrika hana nafasi kwenye jamii ya wazungu zaidi ya kazi za aina fulani, kwahiyo asifundishwe kutamani vingine. Sasa wewe ndo mwalimu. Unaingia darasani na silabasi iliyotungwa ili mtoto aliyekaa mbele yako asifike popote!! Walimu wa Orlando High, Zephania Mothopeng na Es'kia Mphahlele, walifukuzwa kazi 1952 kwa kuipinga hata kabla haijawa sheria. Mothopeng baadae akaja kuwa rais wa PAC. Kwa watu kama hawa naona siasa iliwafuata hukohuko darasani, ukibaki unafundisha ulichoagizwa nawe umeshachagua upande.

Na waambie madogo kitu kimoja watakipenda, kule Wits (ndo hiyo Witwatersrand) Sobukwe alifanya utafiti wa vitendawili vya Kixhosa. Msomi hasa, wenzake walikuwa wanamuita Prof.

Ngwana_Magu

Mimi naomba niulize kitu watu huwa wanakiruka. Tarehe 21 Machi 1960 yeye ndo aliyewaambia watu waache vipande nyumbani waende vituo vya polisi wakamatwe. Kitongoji cha Sharpeville polisi wakafyatua risasi, wakafa watu 69. Yeye alikuwa Orlando, Soweto, akakamatwa akiwa mzima. Simtukani, namheshimu sana, ila kama baba nauliza, kiongozi anayewatuma watu mbele ya bunduki za makaburu, hana la kujibu? Ticha utaulizwa hilo na hao watoto, jiandae.

Msomaji_Kirumba

@Ngwana_Magu swali la haki kabisa ndugu yangu. Ila weka mambo kwa mpangilio wake. Kabla ya siku ile alimuandikia barua mkuu wa polisi wa nchi nzima akamueleza kampeni itakuwa ya amani na akaomba polisi wasiwachokoze watu wala kuwapa amri ambazo haziwezekani kutekelezeka. Chuoni akawasilisha barua ya kuacha kazi. Asubuhi ya Jumatatu akatoka kwake Mofolo kwa miguu na wenzake mpaka kituo cha polisi Orlando, akajisalimisha, hana kipande. Kanuni waliyojiwekea viongozi ilikuwa hakuna dhamana, hakuna wakili, hakuna faini, na waende wao kwanza. Kwahiyo hakumtuma mtu mahali ambapo yeye hakwenda.

Sharpeville watu walisimama nje ya kituo masaa, hawana silaha, polisi wakafyatua, na wengi wa waliokufa risasi ziliwaingilia mgongoni yaani walikuwa wanakimbia. Damu ile iko kwa aliyefyatua na aliyempa bunduki. Mimi hapo sina kigugumizi.

Ngwana_Magu

Ya barua kwa mkuu wa polisi nilikuwa siijui, asante. Bado nasema ni mzigo mzito kwa mtu kuubeba, na nadhani aliubeba.

MzeeWaBwiru

Wanangu hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka ya sabini nilikuwa shule ya msingi kisiwani Ukerewe, redio moja ya betri tunaichangia walimu wote, waya umepandishwa juu ya mwembe ili ikamate Redio Tanzania Dar es Salaam. Habari za wapigania uhuru tulizisikia kila siku, ANC (chama cha Mandela), PAC, FRELIMO, majina yao tuliyajua kama majina ya majirani. PAC walikuwa na ofisi Dar na ANC vilevile, na watoto wetu tuliwaeleza kwanini nchi maskini inawalisha wageni hawa.

Ticha umeuliza kwanini yeye. Wale wa kesi ya Rivonia, Mandela na wenzake, walihukumiwa maisha 1964, hao hawakuhitaji sheria nyingine. Sobukwe kosa lake mahakamani lilikuwa uchochezi dhidi ya sheria ya vipande, miaka mitatu basi, inaisha Mei 1963 na wao wanajua akitoka atasimama tena mbele ya watu aongee. Vorster alikuwa waziri wa sheria, akaona bora amzuie. Wakampeleka kisiwa cha gereza, Robben Island, wakamuweka kwenye nyumba ndogo peke yake, ana vitabu, ana nguo zake za kiraia, lakini marufuku kuongea na mfungwa yeyote. Tafakarini hilo, maana wenzake walivunja mawe ila walikuwa wengi, wanabishana, wanafundishana, yeye miaka sita mlinzi na ukuta. Ukimpa mwalimu kila kitu ukamnyima mtu wa kumfundisha, umempiga pabaya kuliko bakora.

Wafungwa wakipita kwa mistari kwenda kazini karibu na ile nyumba, alikuwa anainama anachota udongo, anauachia taratibu upite katikati ya vidole. Wao wanajua anasema nini, sisi ni watoto wa ardhi hii. Askari yupo pale na hana cha kuandika kwenye ripoti. Mimi hilo ndilo ningewaonyesha watoto, chota mchanga kabisa uwaonyeshe.

Na usiwaache bila kuwaambia kwamba Baba wa Taifa naye alikuwa mwalimu, aliacha kazi Pugu 1955 kwasababu ya TANU alipotakiwa achague. Kijana wa Butiama hapo ng'ambo ya ziwa letu. Na ndiye aliyesimama London Juni 1959 kwenye mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za makaburu, hata uhuru wetu wenyewe hatujapata. Wakati huohuo PAC ina miezi miwili tangu izaliwe. Huyo binti akiuliza mtu anafikaje pale, ana mfano wa karibu kuliko Standerton.

Ticha_Buhongwa

Shikamoo mzee wangu, hapo kwenye udongo umenimaliza, nitafanya hivyohivyo. Na hilo la Pugu nimelifundisha mara nyingi tu kwenye mada ya Tanganyika, sasa nitayaweka pamoja. Naomba mnimalizie, alivyotoka 1969 ikawaje? Kitabu chetu kinaishia Sharpeville, kama vile mtu alipotea.

Msomaji_Kirumba

Hakuachiwa arudi kwao Soweto, walimpeleka Kimberley, mji ambao hakuwa na mtu, usiku haruhusiwi kutoka nyumbani, haruhusiwi kwenye mkutano wowote, na kumnukuu gazetini ni kosa la jinai. Kisiwani alikuwa ameshasoma digrii ya uchumi ya London kwa posta, Kimberley akasomea sheria, 1975 akafungua ofisi yake ya uwakili akawa anawasaidia watu wa pale. Alipata nafasi ya kwenda kufundisha Marekani, wakamkatalia. Akaugua saratani ya mapafu na hata kusafiri kwenda kutibiwa Cape Town ilibidi aombe kibali, mgonjwa wa saratani anaomba kibali!! Amefariki 27 Februari 1978, miaka 53, bado yuko chini ya amri zao, akazikwa Graaff-Reinet. Leo jengo kuu la Wits, chuo alichoandikia barua ya kuacha kazi, lina jina lake.

MzeeWaBwiru

Marahaba mwanangu. Nyongeza kwa ajili ya mtihani maana kila mwaka watoto wanapoteza maksi hapa: kampeni ya 21 Machi ilikuwa ya PAC, ANC walikuwa wamepanga ya kwao ianze tarehe 31 mwezi uleule. Na vyama vyote viwili vikapigwa marufuku tarehe 8 Aprili 1960. Wakiandika Mandela aliongoza Sharpeville wakate maksi bila huruma.