Naomba ushauri kuhuisha cheti cha PMP (cha usimamizi wa miradi), PDU (pointi za kujiendeleza kitaaluma) za kufundisha wenzangu naziombea wapi?

Wakuu habarini, naomba msaada kwa wenye PMP ambao mmeshahuisha. Mzunguko wangu unakaribia kuisha na kama mnavyojua PMI (taasisi inayotoa cheti hiki) wanataka PDU 60 kila miaka 3, saa moja ya kujifunza ni PDU moja, angalau 35 ziwe za masomo na humo kila upande wa ile pembetatu yao ya stadi (mbinu za kazi, stadi za kuongoza watu, biashara na mikakati) usipungue 8. Webina za mbinu za kazi nimeangalia nyingi sana huko niko vizuri, shida ni upande wa biashara na mikakati, nimepelea kabisa na kozi nyingi naona wanachaji hela ndefu. Kuna za bure mnazoziamini?

Halafu kuna vijana wapya kazini nawafundisha kupanga ratiba na kusimamia vihatarishi vya mradi, najua PDU za kuchangia taaluma mwisho 25 na za kazi yenyewe mwisho 8, sasa haya mafunzo yanaingia wapi kati ya hizo mbili? Na wakinikagua, karatasi ya mahudhurio inatosha au mpaka barua ya bosi? Sitaki kabisa kisimamishwe maana nimekisotea kweli kweli. Natanguliza shukrani.