Mnatuongezea HP (nguvu za injini) kwenye gari zisizo na breki, afu mnatuambia "bosi sasa hivi inaruka"

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kujifanya nimetulia, kwa hiyo atakayeona lugha imechacha anivumilie tu au apite kimya kimya.

Nina gari yangu ndogo, manyuo, injini lita 1.8 yenye turbo, huu mwaka wa tatu niko nayo. Miezi michache iliyopita nikaipeleka kwa vijana wa remapu, wale wanaobadilisha programu ya komputa ya injini ili itoe nguvu zaidi, wakanishawishi steji 1, ile hatua ya kwanza. Gereji sitaitaja maana sitaki kesi, na sio yenyewe tu, huu ugonjwa umeenea. Nimefika, jamaa katoka na laptopu, kachomeka waya kwenye ile soketi ya chini ya usukani, kaniambia bosi kaa hapo dakika ishirini. Boneti hakufungua. Narudia tena, BONETI HAKUFUNGUA. Hakuuliza oili ilimwagwa lini, hakuuliza plagi zina umri gani, hata kuvuta dipustiki hakuvuta. Kamaliza, tukatoka kuijaribu, nikakanyaga mafuta gari ikanibandika kwenye siti, nikacheka kama mtoto, nikalipa. Kanipa na karatasi ya grafu, eti ilikuwa HP 160 sasa inasoma 200. Ile karatasi nimekuja kuiangalia vizuri juzi juzi tu, ina tarehe ya wiki mbili kabla mimi sijafika pale. Yaani ni grafu ya gari la mtu mwingine, mimi nimepigiwa kopi.

Ila sio hiyo iliyonileta hapa.

Wiki ya pili hivi niko kwenye mteremko mrefu, ile ya kona baada ya kona, na kwa sababu gari ina moto mpya nashuka nao kwa mbwembwe, kila kona nafika na spidi ambayo zamani sikuwa nayo, nabana breki, nakata, nakanyaga tena mafuta, nabana breki. Kona ya nne au ya tano pedali ikaanza kuwa laini. Sio kwamba gari haikusimama kabisa, ilisimama ila pedali ilishuka chini kuliko kawaida, nikajisemea labda mguu umekaa vibaya. Kona iliyofuata nimekanyaga mguu umeenda mpaka kwenye kapeti. Mpaka kwenye kapeti wakuu! Nikapampu, pampu, pampu, kitu kidogo kikarudi, nikashusha gia mpaka ya pili injini ikapiga kelele kama inachinjwa, hendibreki nikawa naivuta kidogo kidogo huku nimeshikilia kile kitufe, gari ikaja kusimama pembeni kwenye kokoto. Nimetoka nje miguu haina nguvu, tairi za mbele zinatoa moshi na harufu ile ya pedi zilizoungua, nimekaa chini kabisa pale sijui muda gani.

Nikasubiri zikapoa, pedali ikarudi ngumu kama hakuna kilichotokea. Nikaendesha taratibu kwa gia nzito mpaka kwa fundi mmoja mtu mzima, nikamwamkia, nikamweleza. Hakugusa laptopu. Kafungua kifuniko cha kile kikopo cha mafuta ya breki, kaniita nije nichungulie. Nyeusi tii. Mafuta ya breki yakiwa mapya unaona mpaka chini, rangi ya kimanjano hivi, yale yangu yalikuwa kama oili ya kumwaga. Kavua tairi, pedi zimebaki kama milimita mbili, mpira wa breki wa kulia una nyufa ukiukunja. Kaniangalia kaniuliza, "Mwanangu, nani kakuongezea moto kwenye gari hii?" Sikuwa na jibu.

Akanielewesha kitu ambacho yule wa laptopu alitakiwa anieleze kabla hajachukua hela yangu. Mafuta ya breki yananyonya unyevu. Hata ukifunga kikopo vipi, miaka inavyoenda maji yanaingia kidogo kidogo kupitia mipira. Ile DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya kabisa kiwango chake ni isichemke chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155. Na breki za gari linaloshuka mlima na dereva mwenye mbwembwe kama mimi zinapika kwelikweli. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka, mafuta hayabonyezeki. Sasa wewe ukikanyaga unabonyeza mapovu badala ya kubana pedi. Ndo maana zikipoa pedali inarudi unaona kama ulikuwa unaota. Watengenezaji wengi wanasema badilisha kila miaka miwili. Mimi miaka mitatu sijagusa, na aliyeniuzia sijui kama aliwahi, hilo kosa ni langu na nalibeba.

Nikampigia jamaa wa remapu. Sikumtukana, nikamweleza tu. Mnajua alinijibu nini? "Bosi sisi tunadili na nguvu, breki ni ishu yako na fundi wako."

Hapo ndo nilipopandwa. Hivi wewe unaongezaje nguvu kwenye kitu ambacho hujui kinasimamaje? Sikilizeni hii hesabu, sio ya kwangu, ni ya fizikia ya sekondari: gari ikitoka spidi 100 ikaenda 120 umeongeza spidi asilimia 20, lakini mzigo wa joto ambao breki zinatakiwa kuumeza umepanda asilimia 44, kwa sababu nishati ya mwendo inakwenda kwa mraba wa spidi. Ukitoka 60 ukaenda 120 ni mara nne. Sasa mtu anakupa gari inayofika kwenye kona na 120 badala ya 100, pedi milimita mbili, mafuta meusi, afu breki ni ishu yako. Angefungua tairi moja tu. Moja! Dakika kumi na spana ya tairi.

Na hata hiyo nguvu yenyewe wanayouza nina wasiwasi nayo. Yule fundi mzee kanichekia klachi, ukikaza gia ya tano ukakanyaga mafuta rpm (mizunguko ya injini) inapanda gari haiendi, klachi inateleza maana ilishachoka na sasa imebebeshwa mzigo usiokuwa wake. Faili aliyoniwekea sio ya gari yangu, ni faili ya kudownload anayomwekea kila mtu. Kama lile faili limetengenezwa kwa petroli ya okteni kubwa, ile inayovumilia kubanwa bila kujilipua, na wewe unatia ya chini, injini inaanza kugonga, sensa inasikia, komputa inarudisha nyuma ule muda wa kuchoma ili pistoni zisitoboke, kwa hiyo kwenye siku ya joto unaweza ukawa unatembea na nguvu ileile ya zamani ila umelipia mpya. Ukimwuliza "ulichukua data barabarani ukaangalia inagonga au haigongi" anakuangalia kama umeongea Kichina.

Afu kuna wale wa kuprogramu milipuko kwenye egzosti, pa pa pa ukiachia mafuta. Jamani ile ni petroli inaungulia nje ya silinda, kwenye bomba, joto lote linapiga turbo na kile kichujio cha moshi, unalipia kuua vifaa vyako ili majirani wasilale. Na wale wa kukata springi kwa grainda gari ikae chini, sitaki hata kuwaongelea sana. Springi ikishakatwa gari ikirukia tuta springi inaweza kutoka kwenye kiti chake, shokapu zinafika mwisho, tairi zinalika upande mmoja, na kwenye kona mbaya gari inaruka ruka badala ya kushika. Ila kwa picha inapendeza, sawa.

Tairi nazo. Nimeenda kwenye mkusanyiko wa wenye magari, kijana ana rimu za kung'aa kuliko sahani za harusi, nikainama nikasoma ile namba ya tarakimu nne ubavuni, 3514. Wiki ya 35 mwaka 2014. Mpira umekauka kama soli ya kiatu cha zamani, na gari lote linashikiliwa na barabara kwa sehemu nne, kila moja saizi ya kiganja hivi. Nikamwambia mdogo wangu hizi tairi zimezeeka, kanijibu "bado zina meno bro". Meno sio umri!

Sasa nakuja kwenye kinachoniuma zaidi, na hapa mtaniwia radhi najisema na mimi. Yule fundi alivyomaliza kubadilisha kila kitu, mafuta, pedi, mipira yote miwili ya mbele, na kutoa upepo kwenye breki za tairi zote nne, akaniambia breki zako nzima sasa, ila wewe je? Akanielekeza kwa mzee mmoja anafundisha madereva wenye leseni zao, kwenye uwanja mtupu na koni. Nikaenda kwa kiburi, maana nina leseni miaka tisa.

Zoezi la kwanza, nenda spidi 80, ukifika kwenye koni kanyaga breki kwa nguvu zako zote. Nikaona ya kitoto hiyo. Nimefika nimekanyaga, ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisigande ukibana breki, ikaanza kutetemesha pedali ile gr-gr-gr-gr, mimi nikadhani nimevunja kitu nikalegeza mguu. Gari ikapita koni za mwisho ikaendelea mbele huko. Mzee hata hakushangaa, kasema karibu wote wanafanya hivyo. Miaka tisa barabarani na sijawahi hata mara moja kukanyaga breki nzima kwa nguvu zangu zote! ABS imeanza kuwekwa kwenye magari ya kuuzwa tangu 1978, Mercedes na Bosch, na mimi sijui inavyojisikia mguuni. Hao hao Mercedes mwaka 1996 wakaleta mfumo wa kumsaidia dereva kukanyaga breki, kwa sababu waliona watu kwenye dharura wanakanyaga haraka lakini hawakanyagi kwa nguvu. Sasa mtambo unajua udhaifu wangu, chuo cha udereva kilichonipa cheti hakijui.

Mara ya tatu ndo nikaweza, kanyaga kama unataka kutoboa sakafu, shikilia, iache itetemeke, na kumbe huku imetetemeka usukani bado unakata, unaweza kubana na kukwepa kwa wakati mmoja. Ndo kazi yake hiyo. Koni ya kukwepa nikaigonga mara mbili kwa sababu nilikuwa naikodolea macho yenyewe badala ya kuangalia upenyo. Hata kukaa nilikuwa sijui, nalala nyuma kama niko kwenye kochi, mzee kanisogeza mbele mpaka mgongo ukiwa kwenye siti kifundo cha mkono kinafika juu ya usukani na goti bado limekunjika nikiwa nimekanyaga mpaka mwisho. Kitu cha dakika moja. Chuoni mimi nilifundishwa alama za barabarani, kurudi nyuma kwenye kiboksi, kupanda mlima na klachi bila kurudi nyuma, na kumjibu mtahini. Kushuka mlima kwa gia, hakuna. Kwenye spidi 100 unameza mita karibu 28 kila sekunde kabla mguu haujafika kwenye breki, hakuna aliyenitajia.

Siku moja ile kwa mzee imenigharimu chini ya nusu ya nilicholipa kwa remapu. Nusu wakuu. Na ndiyo iliyofanya gari yangu iende vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuifanyia.

Najua mnaokuja. "Ungeiacha stoku, kama ilivyotoka kiwandani." Sitaki, napenda gari yenye nguvu na sioni aibu. "Fundi wa remapu hahusiki na breki." Anahusika, daktari hakupi dawa ya moyo bila kukupima presha. "Wewe ndo hukufanya sevisi." Nimeshasema hilo juu, soma tena.

Nachotaka kwenye huu uzi ni kimoja. Kama kuna mtu hapa amewahi kupeleka gari kuongezwa nguvu na fundi akaanza kwa kuvua tairi na kufungua kile kikopo kabla hajawasha laptopu, aje aseme alivyofanyiwa, hatua kwa hatua. Yule wangu jana kanitumia ujumbe, eti bosi steji 2 ipo tayari, lini unaileta.