Nesi wa Pemba nataka kufungua huduma ya kuuguza majumbani. Bei naipangaje?

NesiWaChake

Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi, mwanamme, leseni yangu ya Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar iko hai, na kazi nimeifanya wodini miaka, zaidi wodi ya upasuaji. Sasa nataka kujitegemea, niwafuate wagonjwa nyumbani: wazee waliopata kiharusi, wenye vidonda vya kisukari, wenye mpira wa mkojo, kina mama waliotoka kupasuliwa. Hapa Chake na pembezoni, Gombani, Wawi, Vitongoji, hata Ole nikipata usafiri.

Kazi sina wasiwasi nayo. Kinachonishinda ni pesa. Watu wananijua. Jioni nikirudi naitwa dirishani, "mwanangu, hebu pita umtizame bibi yako, kidonda kinatoa harufu." Naingia, nasafisha, nafunga, natiliwa maembe kwenye mfuko na dua juu yake. Dua naitaka, wallahi, lakini gozi na glavu nanunua dukani. Nikitaja bei nitaambiwa nauza thawabu. Na wazee wengi wanategemea pensheni jamii. Ilipoanza 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70. Imeongezwa tangu hapo, lakini bado si ya kumlipa nesi.

Waliokwisha anza, mnamtoza nani, na lini?

BiMwera

Waalaykum salaam mwanangu. Mie niko Unguja, nina wauguzi wanne na Vespa mbili.

Mgonjwa si mteja wako. Mteja ni anayelipa, na mara nyingi hayumo chumbani. Ana duka Darajani, au yuko Dar, au yuko Maskati na kila Ijumaa anapiga simu kuuliza mama kaamkaje. Huyo ndiye wa kuzungumza naye. Usimtajie bei bibi aliyelala kitandani wala mkwe anayempikia uji, utawatia unyonge bure na hawana cha kukupa. Mwenye mfuko mwandikie karatasi moja: nitakuja mara ngapi kwa wiki, nitafanya nini, nini sifanyi, dawa na vifaa juu ya nani. Na malipo ya wiki nne yanatangulia. Yanatangulia, mwanangu! Mgonjwa akishafariki hakuna wa kumdai. Utakwenda kuzika, utakaa kwenye khitma kama wenzio, na daftari lako litabaki na deni lake.

Bei yangu kwa hapa mjini ni shilingi 15,000 kwa kumtembelea mgonjwa, kidonda 20,000 gozi zikiwa zangu. Usiinakili. Kaa na kalamu uhesabu mafuta, vifaa, saa ya kazi na saa ya njiani. Njia ndiyo watu wanayoisahau. Ukitoka Chake ukenda Ole, ukakaa na mgonjwa, ukarudi, asubuhi yako imekwisha.

Tena kitu kinachonilipa kuliko sindano na gozi ni kuwafundisha wa nyumbani. Mtu aliyepooza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, usiku na mchana. Nani atamlipa nesi alale pale? Basi nawafundisha mkwe na wajukuu: wamgeuze vipi, wamnyanyue kwa shuka bila ya kumburura, watizame visigino na mfupa wa tako kama ngozi inaanza kuwa nyekundu au imebadilika rangi. Kwa weusi wetu wekundu hauonekani upesi, kwa hivyo waguse: pana moto, pamekuwa pagumu? Ukutani nabandika karatasi, kila aliyemgeuza anatia alama. Mie naja mara tatu kwa wiki kukagua. Mwenye mfuko nampa taarifa kwa maneno. Picha ya kidonda simpelekei mtu mgonjwa asiporidhia. Leo iko kwa mtoto, kesho iko kwenye kundi la ukoo mzima.

Thawabu? Nina wagonjwa wawili wa bure, nimewachagua mwenyewe. Anayekuja na "ungetusaidia tu" namwambia nafasi hizo zimejaa, zikipatikana nitamwita. Hanuni mtu.

Mwana_wa_Wete

Bi Mwera kasema kweli ila Pemba wiki nne nne hazitamfaa kila mtu. Huku pesa inakuja na karafuu. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wakishalipa ndipo watu wanapotoa ada za skuli, mabati na madeni ya dukani. Mama yetu tulimlipia nesi hivyo hivyo, msimu ulipoingia tukalipa miezi ya mbele kwa mkupuo. Wawekee wakulima mlango huo.

Na jengine, kaka. Hao kina mama waliopasuliwa utawaingilia vipi? Mume hatakuruhusu, na mama mwenyewe atakuficha kidonda. Tafuta mwenzio wa kike mushirikiane, au uwaache.

Karani70

Leseni ya Baraza inakuruhusu wewe kuuguza, haiisajili biashara. Nenda BPRA wanaosajili biashara, kisha ZRA kwa mambo ya kodi, na kibali cha huduma binafsi ukaulize Wizara ya Afya kabla hujachapisha bango. Jina la biashara peke yake halikutenganishi na madeni yake, kampuni inakutenganisha. Ukiajiri, waandikishe ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Na sindano ulizotumia usiziache nyumbani kwa watu hata siku moja. Tembea na sanduku lake, upatane na kituo cha afya kinachochoma taka.

NesiWaChake

Ahsanteni sana. La mwenza wa kike nimelipata, kuna mkunga mstaafu hapa Wawi, nitamfuata. Bi Mwera, shikamoo. Hiyo karatasi mnatia saini mbele ya sheha au wenyewe kwa wenyewe?

BiMwera

Marahaba. Wenyewe kwa wenyewe, na shahidi mmoja wa upande wao. Sheha nampa taarifa tu kwamba nafanya kazi kwenye shehia yake, ili nikionekana natoka nyumba ya watu saa tatu usiku asiulize mtu. Mlipaji akiwa Maskati, mwambie arikodi sauti aseme amekubali kiasi gani na kwa kazi ipi, akutumie. Usiifute.