Naomba ushauri: niwasikilizeje wapigaji wa Gene Vincent katika santuri za 1956?

Mpiga Ridhimu (mwenye uzi) aliandika:

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Ninaomba ushauri wa kusikiliza, na ninauomba nikiwa mpigaji. Kwa miaka kumi na mmoja nimeshika gitaa la ridhimu katika bendi yetu ya mwisho wa juma, na masikio yangu yamelelewa na muziki wa dansi, ambamo solo huachiwa nafasi ya kutosha hata asiyejua gitaa akalitambua. Hivi karibuni nimeazimwa mkusanyiko wa nyimbo za Gene Vincent, mwimbaji wa Norfolk, Virginia, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa rokabili, ule muziki wa vijana wa kusini mwa Marekani uliochanganya kantri na bluzi. Sauti yake imenikamata. "Be-Bop-A-Lula" nimeurudia mara nisizoweza kuzihesabu.

Tatizo langu ni kwamba sauti hiyo, pamoja na mwangwi unaoizunguka, inanizuia kuwasikia walio nyuma yake. Wimbo hauzidi dakika mbili na nusu kwa mengi. Solo linaingia, linakwisha, nami bado natafuta lilipoanzia. Nimesoma habari za maisha yake: ajali ya pikipiki ya 1955 iliyomvunja mguu wa kushoto na kumwachia maumivu ya maisha, ajali ya gari ya 1960 huko Uingereza iliyomuua rafiki yake Eddie Cochran, na kifo chake mwaka 1971 akiwa na miaka 36. Nimehuzunika, lakini habari hizo hazinifundishi kusikiliza. Wapigaji wake wanatajwa kwa jina moja tu la Blue Caps, kana kwamba walikuwa mtu mmoja.

Nianzie wimbo gani, na nimfuate nani kwanza? Kwa nini nyimbo za mwisho za mkusanyiko huu zinasikika kama bendi nyingine kabisa? Na je, mtu wa ridhimu kama mimi anaweza kujifunza mkono wa yule mpiga solo?

Mlinzi wa Santuri alijibu:

Mkuu, umeuliza jambo ambalo ningependa liulizwe mara nyingi zaidi, kwa sababu nyimbo hizo ni kazi ya watu watano, na anayemsikiliza mmoja hupata sehemu ndogo tu ya kilichorekodiwa.

Anza na siku moja, tarehe 4 Mei 1956, katika studio ya Owen Bradley mjini Nashville. Kampuni ya Capitol ilikuwa ikitafuta mwimbaji wa kushindana na Elvis Presley, na mtayarishaji wake, Ken Nelson, alikuwa amemsaini kijana huyu aliyetoka jeshi la majini, ambaye bendi yake ilikuwa imekusanywa kupitia kituo cha redio cha WCMS cha mjini kwake. Nelson hakuwaamini vijana hao wa Norfolk. Kwa tahadhari aliwaweka tayari wapigaji wazoefu wa studio za Nashville, wakiwemo wapiga gitaa Grady Martin na Hank Garland, ambao majina yao yalikuwa dhamana tosha. Kisha akamsikia Cliff Gallup akipiga, na wale wazoefu hawakuhitajika tena. Mimi kila ninapoweka santuri hiyo huwaza kile chumba: mpigaji asiyejulikana nje ya mji wake anafungua mkono, na mabingwa wawili wa gitaa wanabaki wasikilizaji.

Waliopiga siku hiyo ni hawa. Gallup alipiga solo. Willie Williams alipiga ridhimu, kwa hiyo huyo ni mwenzako. Jack Neal alipiga besi kubwa ya mbao ya kusimama. Na Dickie Harrell, aliyekuwa na miaka 15 tu, alipiga drams. Zilirekodiwa nyimbo nne: "Be-Bop-A-Lula", "Woman Love", "Race with the Devil" na "I Sure Miss You". Capitol iliuweka "Woman Love" upande wa kwanza wa santuri, lakini watangazaji wa redio waliigeuza, na upande wa pili ndio uliopanda hadi nafasi ya 7 katika chati ya Billboard.

Ushauri wangu ni kwamba usikilize nyimbo mbili tu kwa wiki nzima, "Be-Bop-A-Lula" na "Race with the Devil", na kila siku umfuate mpigaji mmoja, usimwache hata mwimbaji akikuita. Siku ya kwanza mpe Williams, kwa kuwa mkono wake unaujua tayari na utakuonyesha mahali wengine wanaposimama. Ukishajua ridhimu iko wapi, solo halitakupotea tena.

Jambo dogo la vifaa: nyimbo hizo zilirekodiwa kwa mono, yaani sauti zote katika mkondo mmoja, wote wakipiga kwa pamoja. Kama katika vipokea sauti vyako besi inaegemea sikio moja na gitaa jingine, basi una toleo lililogawanywa kwa hila miaka ya baadaye. Tafuta la mono. Wengi hudhani mono huficha vyombo, lakini kwa nyimbo hizi ni kinyume chake, maana kila chombo kinabaki kwenye umbali uleule kiliokuwa nao na kipaza sauti siku ile.

Besi ya Mbao alijibu:

Nakubaliana na Mlinzi wa Santuri, ila ningemwomba mwenye uzi asimfanye Jack Neal kuwa wa mwisho.

Katika rokabili, mpiga besi huuvuta uzi kuutenga na ubao wa shingo, kisha huuachia ujigonge, na kati ya noti na noti huupiga ubao kwa kiganja. Kwa hiyo chombo kimoja hutoa sauti mbili, noti ya chini na mlio mkavu kama wa ngoma ndogo. Msikilizaji asiyelijua hilo huiweka ile sauti kavu kwenye hesabu ya drams, kisha hushangaa kwa nini Harrell anasikika akiwa na mikono minne. Sikiliza "Bluejean Bop", uliorekodiwa Juni 1956: unaanza polepole, mwimbaji akijikokota karibu peke yake, halafu mwendo unafunguka kwa ghafla. Pale unapofunguka, mtafute Neal kabla ya mwingine yeyote. Yeye ndiye anayeubeba ule mwendo.

Na ule ukelele unaosikika nyuma katika "Be-Bop-A-Lula" ni wa Harrell. Alipiga kelele kusudi mama yake amtambue ndani ya santuri.

Mpiga Ridhimu aliandika:

Nawashukuru sana. Ule ukelele nilikuwa nimeamini kwa dhati kuwa ni wa Vincent mwenyewe. Nimeusikiliza tena usiku huu nikiwa najua kuwa ni mtoto wa miaka 15 anayemwita mama yake, na nakiri kwamba wimbo mzima umebadilika.

Naomba sasa mwenye ujuzi wa gitaa anisaidie kuhusu Gallup. Nimejaribu kumfuata katika "Race with the Devil" kwa piki yangu ya kawaida, kile kibapa cha kupigia nyuzi, na baada ya baa nne, yaani vipimo vinne vya mdundo, mkono unakuwa mzito.

Nyuzi Sita alijibu:

Ndugu yangu, mkono unakuwa mzito kwa sababu unaifanya kwa piki moja kazi ambayo yeye aliigawa kwa vidole vinne.

Gallup alishika piki bapa kati ya kidole gumba na cha shahada, kama wewe na mimi. Lakini kidole cha kati na cha pete alivivalisha piki za vidoleni, zile zinazotumiwa na wapiga banjo, na kidole kidogo kilichobaki kilishika mkono wa chuma wa Bigsby, unaotikisa nyuzi zote kwa pamoja. Gitaa lake lilikuwa Gretsch Duo Jet. Fikiria maana ya mpangilio huo: piki inashughulikia nyuzi za chini, vidole viwili vinachukua za juu bila piki kuruka, na noti ikifika mwisho kidole kidogo kinaitikisa bila mkono kuhama mahali pake. Ndiyo maana misururu yake ya haraka inateremka kama maji ya ngazi, noti moja haiisukumi nyingine, na ndiyo maana miisho yake ya sentensi inatetemeka kidogo hata anapokuwa katika mwendo mkali.

Njia niliyoipita mimi ni kuacha mwendo kwanza. Nilichukua solo la kwanza la "Be-Bop-A-Lula", ambalo ni la taratibu, nikalipiga kwa nusu ya mwendo wake kwa karibu mwezi mzima, nikiwa na piki na vidole viwili vitupu, kwa kuwa piki za vidoleni zilikuwa zikinikwaza. Nilipozoea ndipo nikazivaa. "Race with the Devil" niliugusa miezi mitano baadaye. Sijawahi kuupiga kwa mwendo wa santuri bila kosa, na bado kila mara naona raha ya kujaribu.

Ukitaka mwalimu wa pili, msikilize Jeff Beck. Mwaka 1993 alitoa albamu nzima ya nyimbo za kipindi hiki, "Crazy Legs", akiwa na kundi la Big Town Playboys. Alikuwa mpiga gitaa mwenye sifa ya kutosha kuzipiga apendavyo, lakini alimfuata Gallup kwa unyenyekevu. Rekodi ikiwa safi zaidi, utasikia noti ambazo katika santuri ya 1956 zimefunikwa na mwangwi, kisha utarudi kwa Gallup ukijua cha kutafuta.

Na usiziruke nyimbo za polepole. Albamu ya kwanza, "Bluejean Bop!", ina nyimbo za kale za mapenzi kama "Peg o' My Heart", ambazo mashabiki wengi wa rokabili huzipita. Hapo ndipo Gallup anapoonyesha kwamba alisikiliza jazi na kantri kwa makini, maana akodi zake ni za mtu mzima, aliyetulia, asiye na haraka ya kumvutia mtu.

Mdau wa Ridhimu na Bluzi alijibu:

Nimeusoma uzi huu kwa furaha, lakini kuna jambo moja naliona linaegemea upande, na ningependa kulisema kwa heshima.

Mwenye uzi aliuliza kwa nini nyimbo za mwisho zinasikika kama bendi nyingine. Jibu ni kwamba ni bendi nyingine kweli. Gallup alikuwa na mke, na hakupenda maisha ya barabarani, hivyo aliacha safari kabla mwaka 1956 haujaisha. Williams naye aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Paul Peek. Mwezi Oktoba Gallup alirudi studio kurekodi tu, kisha basi; kazi yake yote na Vincent ni nyimbo 35, zote za mwaka huo mmoja. Neal pia aliondoka. Mwaka 1957 solo lilikuwa la Johnny Meeks, besi ikawa ya umeme mikononi mwa Bobby Jones, na Peek akiwa na Tommy Facenda wakawa wa kupiga makofi na kuitikia jukwaani. Harrell peke yake ndiye aliyebaki kutoka siku ile ya Nashville.

Sasa, desturi ya wapiga gitaa ni kufunga daftari hapo Gallup anapotoka. Mimi naona ni kosa. "Lotta Lovin'" wa 1957 ulifika nafasi ya 13 Marekani, na ukiusikiliza bila kumtafuta Gallup ndani yake utasikia bendi iliyoelewa kitu tofauti: makofi na maitikio yamechukua kazi iliyofanywa na mlio mkavu wa besi ya mbao, na Meeks, badala ya kushindana na mtangulizi wake kwa wingi wa noti, anapiga kwa ukali na uwazi mkubwa. Hakuwa na vidole vya Gallup. Alikuwa na sikio la kujua wimbo unahitaji nini.

Nyuzi Sita alijibu:

Ndugu Mdau, nakubali nusu. Meeks nampenda, na ni kweli kwamba nimemkalia kimya isivyo haki. Lakini mtu anayeanza akichanganya vipindi viwili hatajua anachokipenda. Azimalize kwanza zile nyimbo 35, kisha aingie 1957 akiwa na masikio yaliyokwisha kunolewa.

Mlinzi wa Santuri alijibu:

Niongeze moja, kwa kuwa mwenye uzi alilalamika kwamba wapigaji hawatajwi. Jumba la Heshima la Rock and Roll la Marekani lilimwingiza Vincent mwaka 1998, peke yake. Blue Caps waliingizwa 2012, pamoja na makundi mengine matano ya wasindikizaji yaliyokuwa yameachwa nje kwa namna hiyohiyo, wakiwemo Crickets wa Buddy Holly na Comets wa Bill Haley. Gallup alikuwa amefariki tangu Oktoba 1988. Baada ya kuacha bendi alirudi nyumbani Virginia, akafanya kazi katika idara ya shule za mji wa Chesapeake, akishughulikia matengenezo na usafiri, na aliendelea kupiga gitaa na bendi za kwao.

Mpiga Ridhimu aliandika:

Wiki imekwisha, nami narudi kutoa taarifa kwa walionishauri.

Nilianza na Williams kama nilivyoelekezwa. Siku mbili za kwanza sikuwa na uhakika kama ninamsikia au ninamkisia, kwa sababu ridhimu yake imekaa chini sana, imeshikana na besi kiasi kwamba akodi na mlio wa ubao vinakuwa pigo moja. Siku ya tatu nilipata toleo la mono, nikapunguza sauti mpaka ikawa ndogo, na hapo ndipo vilipotengana. Katika "Race with the Devil" kuna mahali bendi yote inakatiza ili mwimbaji apite peke yake, na kurudi kwao kunategemea watu wanne kushuka kwa wakati mmoja kabisa. Nimejaribu jambo hilo na wenzangu Jumamosi iliyopita, kwa wimbo wetu wenyewe, na mara nne tulishindwa. Mara ya tano tulishuka pamoja, na mpiga besi wetu akaniuliza nimelitoa wapi.

Gallup sasa namsikia anapoingia. Nimenunua piki mbili za vidoleni, na solo la kwanza la "Be-Bop-A-Lula" nimefika baa ya sita kwa nusu ya mwendo.