Kijitabu cha haki za raia: tuandike ibara au hatua?

Levolosi
Wakuu, salaam. Tunaandaa kijitabu cha kurasa nne kuhusu haki za raia, kigawiwe bure stendi na soko la Kilombero hapa Arusha, na kule Mbuyuni Moshi. Rasimu ziko mbili. Ya kwanza inapita Katiba ya 1977 kuanzia ibara ya 12 hadi ya 29, kila ibara sentensi moja ya Kiswahili chepesi. Ya pili haina ibara hata moja, ina hatua tu: ukikamatwa, ukipekuliwa, mali yako ikichukuliwa. Hela ya kuchapa inatosha moja. Ipi?

Wakili wa Themi
Ya pili. Aliyeshikwa saa tatu usiku ibara ya 15, ya uhuru wa mtu, haimsaidii kitu pale kaunta ya polisi. Anatakiwa ajue aseme nini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aambiwe kosa analoshikiwa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na ahojiwe ndani ya saa nne tangu akamatwe, muda ukiongezwa uongezwe kwa utaratibu. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke. Nyumba ikipekuliwa, askari anaacha risiti ya vitu alivyochukua, yenye saini ya mwenye nyumba na mashahidi. Kinachowaponza wengi ni maelezo ya onyo, yale polisi wanayoandika baada ya kukuonya kuwa utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Mtu anasaini karatasi asizosomewa, akifika mahakamani ndipo anayakana. Adai asomewe, aangalie kama saa ya kuanza na ya kumaliza imeandikwa, kisha ndiyo asaini. Mama muuza ndizi hana haja ya kukariri namba za ibara.

Mama Mbuyuni
Wakili, kwa heshima yote, hapo kwenye muuza ndizi umenigusa pabaya. Huyo mama ana bei za jumla za Kiboriloni kichwani, ana ushuru wa halmashauri, ana madeni ya wateja ishirini. Ibara tatu zitamshinda vipi? Mgambo akibeba beseni lake, hatua zako za kituoni hazimfai, kwa sababu hakukamatwa yeye, imechukuliwa mali yake. Hapo ni ibara ya 24: haki ya kumiliki mali na mali hiyo kuhifadhiwa kwa mujibu wa sheria. Aulize ni sheria ndogo ipi, adai risiti, aandike jina la aliyechukua, idadi ya mikungu na saa. Bila ibara anaonekana anaomba huruma.

Wakili wa Themi
Dada yangu, sijamdharau mtu. Lakini ibara ya 24 umeisoma peke yake. Isome pamoja na ya 30, inayoziacha hai sheria zilizotungwa kwa ajili ya usalama wa jamii, afya na mipango ya miji. Sheria ndogo ya halmashauri ikiruhusu kuondoa biashara barabarani, mgambo atajificha humo. Swali lako la sheria ndogo na risiti ni zuri, na ni hatua. Umenisaidia hoja yangu.

Mama Mbuyuni
Sijakusaidia. Swali hilo linatoka kwenye ibara. Na elimu mmeiacha, ibara ya 11, iongezwe.

Mwalimu wa Sakina
Ya 11 isiingie kama haki ya kudai mahakamani. Iko kwenye sehemu ya malengo ya taifa, na ibara ya 7(2) inasema mahakama hazina uwezo wa kuyaamua hayo. Mkiichapa bila kusema hivyo mtampeleka mzazi Mahakama Kuu akapoteze nauli.

Kijana wa Pasua
Mnazunguka. Ukurasa wa kwanza uwe na kitu kimoja, maandishi makubwa: Katiba inasema saa 24, zikipita hujafikishwa mahakamani unaachiwa.

Mwalimu wa Sakina
Kaka, usichape hilo. Saa 24 ziko kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49. Kwetu ziko kwenye ile Sheria ya Mwenendo, Sura ya 20, na zina masharti: kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya muda huo, mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. La zito anaweza kumshikilia, ila amfikishe mapema iwezekanavyo. Ndugu wakienda kugombana kituoni kuhusu saa 24 kwa mtu wa unyang'anyi wa kutumia silaha, wanapoteza siku ya kutafuta wakili. Kosa hilo, mauaji, uhaini na utakatishaji fedha, hata mahakamani hayana dhamana, na Mahakama ya Rufani mwaka 2020, kesi ya Dickson Sanga, ilisema kifungu kinachonyima dhamana hiyo hakivunji Katiba. Kwa makosa mengine andikeni hivi: dhamana haiuzwi, ndugu waje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa.

Kijana wa Pasua
Kwa hiyo Rufani ikisema, basi? Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iko hapa hapa Arusha, barabara ya Dodoma. Mtu apande gari la Kisongo akafungue kesi. Hilo ndilo la kuchapa.

Wakili wa Themi
Hawezi. Tanzania iliondoa tamko la kuruhusu watu binafsi na asasi kwenda huko moja kwa moja, Novemba 2019, likaacha kutumika Novemba 2020.

Mama Mbuyuni
Na kesi zilizokuwa zimeshafunguliwa? Mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ilisema kifungu cha kunyima dhamana kinavunja Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Mbona hilo hukulitaja, wakili?

Mwalimu wa Sakina
Ipo pia Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ni hapa mjini. Raia anaingia bila kumaliza mahakama za nyumbani, ila ana miezi miwili tu tangu tendo litokee au alijue. Wengi huchelewa hapo hapo.

Levolosi
Jamani, kijitabu! Ukurasa wa kwanza nauandika nini?

Wakili wa Themi
Andika namna ya kuishtaki serikali. Zamani ilitakiwa kibali cha serikali yenyewe, mpaka Mahakama ya Rufani ilipokifuta mwaka 1993 kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun, rufaa ya hapa Arusha. Sasa ni notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Tangu 2020 hata halmashauri ni siku 90. Ukifungua kesi kabla, inatupwa.

Mama Mbuyuni
Siku 90 kwa beseni la ndizi? Hiyo ndiyo haki unayotaka nimpe mtu mkononi?

Kijana wa Pasua
Mwalimu, rudi kwenye ule uamuzi wa 2023. Kama umetoka, kwa nini mtu bado ananyimwa dhamana kwa kifungu kile kile?

Wakili wa Themi
Kwa sababu kifungu hufutwa na Bunge au na mahakama ya hapa nchini. Hakimu wa Moshi lazima afuate uamuzi wa Rufani.

Kijana wa Pasua
Nimemuuliza mwalimu.